Kuvua kwa Miguu Ghuba ya Chwaka

Anayetaka kuvua kwa miguu katika ghuba ya Chwaka, na afike mara ya kwanza bila mshipi. Aje siku ya bamvua, saa nne au saa tano asubuhi, maji yakiwa yamepwa hadi mbali, atembee juu ya sakafu ambayo siku nyingine itakuwa chini ya magoti yake. Wengi hawajisumbui. Huja na mwanzi na chambo, hukuta maji yametandaa kutoka Chwaka hadi Michamvi, wakarusha popote. Kumbe chini ya maji yale hakuna usawa: kuna mafungu ya mchanga, kuna mabonde ya majani, kuna mikondo iliyochimbwa na maji yanayoingia na kutoka mikokoni. Samaki nao hawakai kila mahali.

Ghuba hii iko mashariki ya Unguja. Upande wa kusini imefungwa na msitu mkubwa wa mikoko, ambao tangu 2004 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Maji ya msituni huingia na kutoka kwa vijito, kikubwa chao kikiitwa Mapopwe. Ndani ya ghuba kina ni kidogo kiasi kwamba bamvua likipwa, sehemu kubwa ya sakafu hubaki wazi kabisa. Hapo ndipo pa kusoma.

Tazama chini unapotembea. Mashimo ya duara kwenye mchanga mtupu, yenye upana wa futi moja au mbili, ni kazi ya taa. Alikuja maji yalipojaa, akapiga mbawa zake akifukua kaa na kombe, kisha akaondoka na maji. Shimo ambalo kingo zake bado ni kali ni la maji ya jana au ya usiku. Lenye kingo zilizolainika ni la zamani. Penye mashimo mapya mengi, jua taa atarudi maji yakirudi, na wewe utakuwa unakanyaga hapohapo. Vichuguu vya mchanga uliosokotwa huachwa na nyungunyungu wa baharini, na penye nyungunyungu chaa hukosi. Shika jani pana la majani ya bahari ulitazame kwa karibu: likiwa limemegwa pembeni nusu duara, mmego safi wa meno yaliyoungana, pono amepita.

Lakini alama kubwa kuliko zote ni ukingo, yaani pale majani yanapokoma na mchanga kuanza, au pale fungu linapoteremka kuingia mkondoni. Samaki wa maji mafupi hujificha majanini na hula mchangani, kwa hiyo maisha yake yote ni kwenda na kurudi katika mstari huo. Tafuta kingo mbili tatu, kisha zikariri kwa alama za nchi kavu: mnazi huu juu ya paa lile upande mmoja, mnara wa msikiti na ncha ya mikoko upande mwingine. Maji yakishafunika, alama hizo ndizo zitakazokurudisha mahali pale. Simu yenye ramani inasaidia, ila simu na maji ya chumvi hawajawahi kupatana.

Sasa maji yenyewe. Anayefuata tarehe za mwezi mwandamo hana haja kubwa ya chati. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kilele chake huchelewa siku moja au mbili, yaani kama tarehe 2 na tarehe 16. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi na hujaa saa kumi alasiri au baada yake kidogo. Kila siku inayofuata majira husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tarehe 8 au 9, na tena 23, ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana.

Bamvua kamili ni zuri kwa kutembea na kusoma, lakini kwa kuvua silipendi. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 3 hadi 4, na maji hayaji kwa kasi moja. Saa ya kwanza huja kidogo, ya pili huongeza, ya tatu na ya nne huja robo nzima ya ujazo kila saa. Fanya hesabu: ni karibu mita moja ndani ya saa moja. Aliyekuwa na maji ya magoti anayo ya kifua, na bado yuko fungu la pili. Siku zinazofaa zaidi ni tarehe 5 na 6, au 19 na 20. Kupwa kunaangukia saa saba au saa nane mchana, maji yanaanza kurudi jua likipoa, na nguvu zake zimepungua. Unaingia yakianza kurudi, unavua saa mbili au mbili na nusu, unatoka kabla ya magharibi.

Jihadhari na jambo moja. Majira ya maji yanayotolewa kwa Zanzibar huwa ni ya bandarini Malindi, upande wa pili wa kisiwa, na maji ya ndani ya ghuba huchelewa kuliko ya mdomoni kwa sababu yanapita penye kina kidogo. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji ukifika, ukitazame tena baada ya dakika kumi. Kijiti hakidanganyi.

Upepo nao una neno. Rasi ya Michamvi inakata makali ya kusi, hivyo upande wa ndani wa rasi hiyo huvulika hata pepo zikiwa kali nje. Kaskazi huingia kwa mdomo wa ghuba, ikavuruga maji na kuleta viwimbi vinavyokuficha kinachopita mguuni. Masika, mvua kubwa ikishanyesha, maji yanayotoka mikokoni huwa na rangi ya chai. Achana nayo siku moja mbili. Ukisikia radi, toka. Mtu aliyesimama peke yake majini, ameshika mwanzi mrefu, ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale.

Miguu ndiyo chombo chako, ivishe. Ndala ziache nyumbani, tope la mikokoni linazimeza. Raba nzee zenye soli ngumu na kamba za kukaza ndizo zinazofaa. Yeboyebo zinazobana kisigino zinavumilika kwenye mchanga. Majanini kuna kombe wembamba wanaosimama wima, makali juu, wanaochana unyayo mtupu mara moja, na penye mawe kuna viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi. Suruali ndefu nyepesi husaidia kwa jua na kwa viwavi vya majini.

Usinyanyue miguu. Iburuze, hatua fupi fupi, unyayo ukisugua mchanga. Taa aliyejifukia akiguswa ubavuni hukimbia. Akikanyagwa mgongoni hupiga mkia. Fimbo mkononi ikitangulia mbele ni bora zaidi, na inakupimia kina. Ikitokea mtu amechomwa, mtoe majini, mguu uloweke katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji yapimwe kwanza kwa mkono usioumia, maana aliyeumia hahisi sawasawa. Kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia, kwa kuwa kipande cha mwiba hubaki ndani. Dawa hiyohiyo ya maji ya moto ndiyo ya mchomo wa samaki anayefanana na jiwe, lakini kwa huyo hospitali ni haraka zaidi. Konokono mwenye ganda zuri lenye umbo la koni usimwokote hata kwa kumtazama. Wako wenye sumu ya kuua.

Zana ni chache na hilo ndilo linalonivutia katika uvuvi huu. Mwanzi mwepesi wa kama mita 2, au mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki. Chubwi ndogo inayoteleza juu ya mshipi, chini yake kipande cha mshipi mwembamba zaidi chenye urefu wa mkono, kisha ndoana ndogo. Ndoana kubwa ni kosa la kawaida hapa. Chaa ana mdomo mdogo unaochomoza kwenda chini akila, na ndoana ya changu mkubwa hawezi kuimeza. Atakula chambo chote huku wewe ukidhani ni kaa. Chambo kiwe kamba mbichi aliyemenywa au ukanda mwembamba wa ngisi. Ngisi hung'ang'ania ndoana zaidi, na wakati wa kusi, majani yaliyokatika yanapoelea kila mahali na kunasa mshipi, hilo lina maana yake.

Samaki wako wa kutumainia ni chaa mchangani, changu kwenye ukingo wa majani, na kolekole wadogo mkondoni wakifukuza vidagaa. Mkizi utawaona wakiruka, lakini ndoana hawaijali. Tasi na pono wamejaa majanini, ila ni samaki wa madema. Ukipata tasi kwa ndoana shukuru, halafu mshike kwa kitambaa, maana miiba ya mgongoni, tumboni na mkunduni yote ina sumu inayouma kwa masaa.

Simama mchangani, hatua kadhaa kabla ya ukingo, si juu yake. Kivuli chako kisiangukie unakorusha. Rusha upande maji yanakotoka, acha yaburuze chambo taratibu hadi kwenye ukingo, mshipi ukiwa umenyooka lakini haujakazwa. Ukikosa mara tano sita, usibadili chambo, sogea. Maji yanapopanda samaki nao hupanda, na ukingo uliokuwa mtamu nusu saa iliyopita sasa umeachwa nyuma. Rudi nyuma nao, ukingo kwa ukingo, kuelekea pwani. Huu ndio utaratibu wote wa kuvua maji yakijaa: maji yanakusukuma nyumbani, nawe unavua huku ukisukumwa.

Anayebishana nayo hupata taabu, na taabu hiyo haitokei mbele. Fungu ulilosimama ni la juu. Mkondo ulioko kati yako na pwani ni wa chini, nao hujaa kwanza. Unaweza kuwa na maji ya vifundoni huku nyuma yako yameshafika kiunoni na yanakwenda. Kwa hiyo unapoingia, chomeka kijiti chenye kitambaa mahali pafupi pa kuvukia mkondo, na weka alama kwenye fimbo yako usawa wa paja. Maji ya penye kijiti yakifika alama hiyo, vuka, hata kama chaa wanakula kila unaporusha. Usiende peke yako. Karibu na mikoko, ukizama topeni, usivute mguu wima. Jilaze nyuma au egemea fimbo kwa ulalo, toa mguu pole pole, kisha rudi kwa njia uliyojia.

Pita dikoni kwanza, salimia wazee, useme unachotaka kufanya. Kamati za wavuvi ndizo zinazojua mahali palipofungwa kwa muda na palipo huru, na ndani ya mikoko ya hifadhi kuna masharti yake. Vijiti na kamba za mwani ni mashamba ya akina mama. Usizivuke wala usirushe ndoana karibu, kwani ndoana iliyonasa kwenye kamba hukata mkono wa mtu asiyehusika. Madema na uzio vivyo hivyo. Ukivipisha utapata na mawaidha ya bure kuhusu siku hiyo samaki wako wapi.

Ghuba hii ni mahali pa malezi ya samaki, na changu wengi utakaowavuta ni watoto. Wa urefu wa kidole wamtoe mtu gani njaa? Lowesha mkono kwanza, mshike ndani ya maji, toa ndoana, mwache aende. Unaobaki nao usiwatundike kiunoni kwa mtungo, damu huita mikunga. Kata dumu la lita 20 ubavuni, lifunge kwa kamba ya mita mbili, lielee nyuma yako na majani mabichi ya bahari ndani, yenye maji, yakiwafunika samaki wasipigwe na jua. Bunju mrudishe, hata kama ni mkubwa na mnene. Hakuna upishi unaoondoa sumu yake.

Tasi apasuliwe palepale ufukweni. Majani aliyokula yakikaa tumboni huchacha upesi na harufu ikaingia nyamani, ukaambiwa umeleta samaki wa jana. Chaa anaweza kungoja hadi nyumbani.