Michoro ya Silaha Katika Subnautica: Jinsi ya Kuisaka na Kuifungua

Subnautica, gemu ya kampuni ya Unknown Worlds Entertainment iliyotoka rasmi tarehe 23 Januari 2018, inamtupa mchezaji katikati ya bahari ya sayari 4546B. Ana chombo kidogo cha kujiokolea tu, na meli yake kubwa, Aurora, inafuka moshi kwa mbali. Aliyezoea magemu mengine ya kunusurika huanza papo hapo kutafuta bunduki ya risasi. Hataiona. Charlie Cleveland, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hii, alieleza hadharani kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook kule Marekani, mwaka 2012, yalimfanya akatae kuweka bunduki ndani yake. Silaha zilizopo humu zinagandisha, zinavuta na zinasukuma. Naiheshimu sana kazi hii kwa uamuzi huo, na ushauri wangu wote hapa unatoka humo: tafuta silaha ya kukupitisha salama, usitafute ya kukufanya mfalme wa bahari.

Hatua ya kwanza: tengeneza skana

Mchoro ndio unaokuruhusu kutengeneza kifaa, na bila skana hutaipata michoro mingi. Humo ndani ya chombo chako kuna mashine ya ukutani iitwayo Fabricator. Skana inahitaji titani 1 na betri 1. Betri inahitaji Acid Mushroom 2 na shaba 1. Vunja mawe ya chokaa yaliyotapakaa chini yako, utapata titani na shaba bila kwenda mbali. Ukimaliza, tengeneza kisu pia. Mchoro wake unao tangu mwanzo, na utakihitaji kukatia matumbawe kuliko kupigania.

Hatua ya pili: panga pumzi yako

Hapa ndipo wengi wanapokufa, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Unaanza na pumzi ya sekunde 45. Mtungi wa kwanza wa oksijeni unakuongezea sekunde 30, na jumla hiyo ya sekunde 75 inaonekana nyingi mpaka siku utakapoingia ndani ya mabaki ya meli yenye vyumba vitatu na mlango mmoja. Ukivuka kina cha mita 100 bila kifaa cha Rebreather, oksijeni inaisha haraka zaidi, kwa hiyo hesabu uliyoizoea kwenye maji mafupi haitakufaa tena.

Kanuni yangu ni nyepesi: pumzi ikifika nusu, geuza. Usingoje sauti ya tahadhari ya sekunde 30, kwa sababu sauti hiyo haijui kama juu yako kuna maji matupu au kuna dari ya chuma. Kabla hujaingia kwenye mabaki, zunguka nje mara moja, tazama matundu yote, kisha ingia kwa lile lililo karibu na unachokitaka. Na kama kuna Brain Coral jirani, lile tumbawe la mviringo linalotoa mapovu, weka akilini lilipo. Mapovu yake ni hewa, na yatakuokolea safari ya kupanda juu na kushuka tena.

Wahi pia kutafuta na kusoma kwa skana vipande 2 vya Seaglide, kile chombo cha mkononi cha kukuvuta majini. Si silaha, lakini kasi yake inageuza kila pumzi kuwa mita nyingi zaidi.

Hatua ya tatu: toka Safe Shallows

Maji unayoanzia, Safe Shallows, ni mazuri kwa chakula na madini, lakini ukiganda hapo hutazipata silaha. Pita msitu wa mwani mrefu, Kelp Forest, ambako samaki aitwaye Stalker hupenda kuokota vyuma. Ukiona nyasi nyekundu zimetanda chini, umefika Grassy Plateaus. Huko kuna mabaki kadhaa ya Aurora yaliyoanguka, na hapo ndipo msako wa kweli unapoanza. Ukiyamaliza, tanua mzunguko kuelekea Mushroom Forest na maji ya kina zaidi. Sehemu za vipande hazilingani kabisa kwa kila mchezaji, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu rafiki yako alikipata kipande nyuma ya jiwe fulani na wewe hukukiona.

Mabaki uliyokwisha kuyapekua, yawekee alama kwa Beacon, kifaa cha kuonyesha mahali, mara upatapo mchoro wake, na uiandike jina. Bahari hii haina ramani. Ukirudi kesho, mabaki yote yatafanana.

Hatua ya nne: soma vipande, fungua masanduku

Michoro inapatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vipande: elekeza skana kwenye kifaa kilichovunjika, shikilia kitufe mpaka usomaji ukamilike, kisha tafuta kipande kingine cha aina hiyohiyo. Stasis Rifle, silaha ya kugandisha, inataka vipande 2, na Propulsion Cannon, ile ya kuvuta vitu, vivyo hivyo. Njia ya pili ni sanduku liitwalo Data Box, ambalo mara nyingi limo ndani kabisa ya mabaki. Hilo linafunguliwa kwa mkono tu, na mchoro wake unaingia mzima mara moja.

Kipande cha kitu ambacho tayari unakijua, ukikisoma kwa skana, kinakupa titani 2. Usikipite.

Kuna jambo linalopaswa kukutia moyo. Ukifa katika mtindo wa Survival, unapoteza baadhi ya vitu ulivyookota tangu ulipotoka makaoni, lakini mchoro uliokwisha kuufungua unabaki nao. Kwa hiyo ukiwa ndani na pumzi inayoyoma, soma kwanza kipande kilicho mbele yako, madini yatangojea. Kwa upande mwingine, gemu hii haijihifadhi yenyewe. Kila ukirudi salama, hifadhi mchezo kwa mkono wako.

Hatua ya tano: shinda milango

Baadhi ya milango imeharibika na inafunguka ukiikarabati kwa Repair Tool. Mingine imefungwa kabisa, nayo inahitaji Laser Cutter, kifaa cha kukata chuma, ambacho mchoro wake unataka vipande 3. Ukifika kwenye mlango wa namna hiyo na huna kifaa, usipoteze sekunde hata moja kuuzunguka. Rudi baadaye.

Ukiwa na makao, jenga Scanner Room. Mchoro wake nao unatafutwa, ila unalipa kuliko karibu kila kitu kingine: chumba hiki kinakagua duara la mita 300, na unaweza kukiagiza kitafute vipande, masanduku ya michoro au mabaki yenyewe. Kijenge pembezoni mwa eneo unalotaka kulipekua, usikijenge pale ulipoanzia.

Hatua ya sita: ingia Aurora

Aurora italipuka mapema katika safari yako, na mionzi itasambaa kuizunguka. Mchoro wa Radiation Suit, vazi la kukinga mionzi, utakujia wenyewe; lishone vazi hilo kwanza. Ndani ya meli kuna vipande vya Propulsion Cannon, na katika ghala la Prawn Suit, vazi kubwa la kimashine, kuna mashine zilizoharibika za kutosha kukukamilishia mchoro wake. Mlango wa shehena unafunguliwa kwa namba 1454. Beba maji ya kunywa, chakula, kizima moto na Repair Tool.

Hatari kubwa iko nje. Reaper Leviathan, kiumbe mkubwa mwindaji, anadoea maji yanayoizunguka meli, hasa upande wa injini. Nenda moja kwa moja kwenye pua iliyopasuka, ukielea karibu na uso wa maji, na ukisikia mngurumo usisimame kutafuta unatoka wapi.

Hatua ya saba: kusanya mahitaji

Stasis Rifle inatengenezwa kwa Computer Chip 1, betri 1, titani 1 na magnetaiti 1. Computer Chip inataka vipande 2 vya matumbawe bapa yenye umbo la meza, dhahabu 1 na waya 1 wa shaba. Hapo ndipo kisu kinapofanya kazi yake. Magnetaiti ndiyo inayowakwamisha watu. Ipo Jellyshroom Cave, pango la uyoga wa zambarau lililo chini ya Grassy Plateaus, lakini humo anaishi Crabsnake, anayejificha ndani ya uyoga wenyewe. Pita mbali na uyoga huo.

Baadaye, ukiwa na Modification Station, mashine ya kuboresha vifaa, unaweza kukigeuza kisu kuwa Thermoblade kwa kuongeza betri. Samaki unayemuua nacho anaiva papo hapo. Propulsion Cannon nayo inaweza kugeuzwa kuwa Repulsion Cannon, inayosukuma viumbe mbali nawe.

Hatua ya nane: itumie Stasis Rifle inavyopaswa

Shikilia kitufe kabla ya kufyatua. Kadiri unavyoichaji, ndivyo tufe la mgando linavyokuwa kubwa na kudumu zaidi, ila betri nayo inaliwa zaidi, kwa hiyo beba ya akiba. Jizoeze kwa Stalker kabla ya kumkabili Reaper.

Wapo wanaomgandisha Reaper na kumkata kwa kisu mpaka afe. Inawezekana, lakini mzoga wake haukupi chochote, na muda huo wote pumzi yako inateketea. Mgandishe, msome kwa skana upate taarifa zake, kisha ondoka kwa kupitia upande wa mkia, ili mgando ukiisha awe ameelekea kule usikokwenda.