Moshi wa Jikoni na Mwaloni: Kwa Kaya za Kigoma na Ujiji

Kupika mawese si kazi ya dakika chache. Chikichi huchemshwa, hutwangwa, kisha mafuta huchemshwa tena mpaka maji yaishe, na mama yuko hapo hapo kando ya pipa, macho yakimtoka machozi. Mwenzake mwaloni anabanika migebuka. Jioni wote wawili wanarudi nyumbani kuwasha kuni za ugali, mara nyingi na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu moshi huwadhuru zaidi wanawake na watoto.

Moshi wa kuni na mkaa una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni. Kwa mjamzito, aliye tumboni naye hupungukiwa. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au kuzaliwa mfu. Chembe laini za moshi nazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na miaka ikipita huleta ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani. Kujifunga kanga puani hakuzuii hewa hiyo ya sumu.

Tafadhali, usiwashe jiko kwa nailoni, chupa ya plastiki wala kipande cha tairi. Moshi wake una sumu zinazoleta saratani na kuvuruga homoni. Na msimu wa mvua, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata kama kuna baridi: watu wamelala wasiamke.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kama gesi bado haijafikiwa na mfuko wako, usingoje. Tumia kuni zilizokauka vizuri, loweka maharage usiku kucha yaive upesi, funika sufuria, toboa tundu juu ya ukuta moshi utoke. Wanaobanika samaki wasimame upande unakotoka upepo na wapokezane zamu. Mjamzito apewe kazi ya kuanika dagaa kwenye chanja, mbali na moto. Nanyi akina baba, jiko banifu, lile linalokula kuni au mkaa kidogo, ni matumizi ya nyumba nzima, msimwachie mama peke yake.

Kikohozi kikifika wiki mbili, usiseme ni moshi tu. Nenda zahanati upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure.