Apache mbele, Tomcat nyuma: jinsi ya kuelekeza maombi ya watumiaji

Tuseme ofisi yenu ina mfumo unaoendeshwa na Tomcat. Kila anayeufungua inabidi aandike anwani yenye 8080 mwishoni, na siku watu wakiwa wengi mfumo unakwama. Dawa yake ni kutanguliza Apache, seva ya wavuti, ipokee maombi yote kama karani wa mapokezi hospitalini, kisha iyapeleke kwa Tomcat moja au zaidi zilizo nyuma. Hizo za nyuma ndizo huitwa seva za programu.

Itakugharimu kiasi gani? Apache na Tomcat ni za bure. Utakacholipia ni kompyuta, ya kununua au ya kukodi. Programu-jalizi za kuelekeza maombi, yaani vijiprogramu vinavyochomekwa ndani ya Apache kuiongezea kazi, zinakuja pamoja nayo. Kwenye Ubuntu unaziwasha hivi:

sudo a2enmod proxy proxy_http proxy_balancer lbmethod_byrequests

Anza na Tomcat moja tu, hata kama unazo mbili. Ikikataa, utajua pa kutafuta. Fungua faili /etc/apache2/sites-available/000-default.conf na ndani ya VirtualHost andika mistari hii, ukiweka anwani ya Tomcat yako:

ProxyPass "/picha/" "!"
ProxyPass "/" "http://10.0.0.11:8080/"
ProxyPassReverse "/" "http://10.0.0.11:8080/"

Mstari wa kwanza unasema picha zisipelekwe nyuma, Apache izitoe yenyewe. Lazima utangulie, kwa sababu Apache inasoma kuanzia juu na inashika mstari wa kwanza unaolingana. Wa pili unapeleka yote yaliyobaki. Wa tatu watu wengi huusahau: Tomcat inapomwambia mtumiaji aende ukurasa mwingine, mstari huu hubadilisha anwani ya ndani kuwa ile ya nje, la sivyo atatumwa mahali asipoweza kufika. Angalia pia mikwaju: upande wa kushoto ukiishia na mkwaju, wa kulia nao uishie hivyo hivyo.

Kabla ya kuwasha, kagua kwa sudo apache2ctl configtest. Ukiona “Syntax OK”, andika sudo systemctl restart apache2, kisha fungua mfumo bila ile 8080.

Na Tomcat ya pili? Futa mistari miwili ya mwisho, uweke hii:

<Proxy "balancer://mfumo">
BalancerMember "http://10.0.0.11:8080" route=a
BalancerMember "http://10.0.0.12:8080" route=b
ProxySet stickysession=JSESSIONID|jsessionid
</Proxy>
ProxyPass "/" "balancer://mfumo/"
ProxyPassReverse "/" "balancer://mfumo/"

Hapa ndipo penye kazi hasa. Mtumiaji akiingia kwa nywila kupitia Tomcat a, halafu ombi lake linalofuata likaangukia b, b haimjui. Atadaiwa nywila upya na kazi aliyokuwa akijaza inaweza kupotea. Neno stickysession linamfanya abaki na seva ileile, lakini halitoshi peke yake. Kwenye kila Tomcat fungua server.xml, tafuta Engine, uongeze jvmRoute="a" kwa ya kwanza na jvmRoute="b" kwa ya pili, kisha uziwashe upya. Kuhakiki, fungua mfumo kwenye kivinjari, bonyeza F12 na utazame vidakuzi: thamani ya JSESSIONID inatakiwa iishie na .a au .b. Kama hakuna herufi hiyo, jvmRoute haijashika.

Ukikutana na kosa 503, mara nyingi maana yake Apache haiifikii Tomcat. Soma /var/log/apache2/error.log. Ujue pia kwamba seva ikishindwa, Apache husubiri sekunde 60 kabla ya kuijaribu tena, kwa hiyo usianze kubadilisha mipangilio dakika hiyo hiyo.

Usalama usiuache uwe wa baadaye. Kwenye mashine za Tomcat, ufw (kinga-moto ya Ubuntu) iruhusu poti 8080 kwa anwani ya Apache pekee, na kabla ya kuiwasha ruhusu SSH usije ukajifungia nje. Usiandike kamwe ProxyRequests On. Wageni watapitishia mambo yao kwenye seva yako. Njia nyingine ya kuunganisha, AJP kwenye poti 8009, mimi siipendekezi kwa anayeanza: mwaka 2020 ilikutwa na udhaifu mkubwa uliopewa jina Ghostcat. Cheti cha HTTPS utakipata bure Let's Encrypt.

Mwisho, jaribu usiku watu wakiwa wachache: zima Tomcat a, kisha fungua ukurasa upya. Waliokuwa kwenye a wataombwa nywila tena, maana vikao vyao vilikuwa huko, lakini mfumo uendelee kufunguka kupitia b.