Eropleni Moja, Kazi Nyingi

Ndugu msomaji, kama umepata kufika Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, umeusikia mvuke ukitoka ardhini kwa ngurumo. Tangu mwaka 1981 mvuke huo huzungusha magurudumu yenye mapanga ili kupata umeme. Ukiufahamu mtambo huo, hutashindwa kuifahamu injini ya eropleni ya vita iitwayo F-5, ambayo Kenya ilianza kuipokea mwaka 1978.

Katika injini hiyo hewa huingia kwa mbele, ikashindiliwa na mapanga yazungukayo, kisha hutiwa mafuta na kuwashwa. Hewa hiyo ya moto hutafuta njia ya kutokea nyuma. Njiani huzungusha gurudumu la mapanga, kama ufanyavyo mvuke wa Olkaria. Lakini gurudumu hili huchukua sehemu tu ya nguvu, ili kuyazungusha yale mapanga ya mbele. Nguvu iliyobaki hufoka nyuma na kuisukuma ndege mbele. F-5E ina injini mbili za namna hii, nayo huweza kuipita sauti kwa mwendo.

Ndege hii, iliyoundwa na kampuni ya Northrop ya Marekani, ni ndogo: urefu wake wapata mita 14, na upana wa mabawa mita 8. Puani mna mizinga miwili ya milimita 20. Ncha za mabawa hubeba makombora ya kupigana na ndege nyingine. Chini ya mabawa na tumbo hutundikwa mabomu, au matangi ya mafuta kwa safari ndefu. Hivyo ndege ile ile yaweza kulinda anga asubuhi, na jioni kushambulia nchi kavu. Lakini mshika mbili moja humponyoka: ikilemewa na mabomu hupungukiwa na wepesi na mwendo.

Ni nani basi aichaguliaye kazi? Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi huko Nanyuki waliwalazimisha marubani kurusha ndege za F-5 zenye mabomu, ili kuipiga Nairobi. Marubani wakayaangusha katika msitu wa Mlima Kenya, na mji ukasalimika na mabomu hayo. Mtambo hauwezi kuchagua kati ya mji na msitu. Mwenye kushika usukani ndiye aliyechagua, na yatupasa kulikumbuka hilo kila tusikiapo ngurumo angani.