Mchango wa Kijiji kwa Simu: Mambo 5 ya Kufanya Ili Msaada Ufike

Unakumbuka Machi 2020? Tarehe 13 kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa nchini. Siku mbili baadaye, shule zikaamriwa zifungwe. Aprili ilipoanza, Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Wengi wetu tulikuwa mjini, wazazi wako mashinani, na basi la kwenda nyumbani halipo. Njia iliyobaki ilikuwa simu.

Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeshatangaza, tarehe 16 Machi, kwamba kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kwa simu hakutatozwa ada. Nafuu hiyo ilidumu hadi mwisho wa 2020. Kiwango cha juu cha muamala mmoja nacho kikapanda kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Ghafla kila mtu akawa na kundi la WhatsApp la kuchangia kijiji, kanisa au shule aliyosomea.

Sisi pia tulikuwa nalo. Leo nataka nikueleze tulivyokosea, ili wewe usikosee.

Kilichotupata

Shule zilipangiwa kufunguliwa kidogo kidogo kuanzia Oktoba 12, 2020, zikianza na Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4. Shule ya msingi ya kijijini kwetu, kule Kitui, tangi lake la maji lilikuwa limepasuka. Watoto wangenawa mikono na nini? Tukajipanga watu 48, kila mmoja atoe shilingi 500. Jumla shilingi 24,000.

Pesa tukatuma kwa laini ya mweka hazina wetu, laini yake ya kila siku. Kumbe alikuwa na deni la overdrafti kwenye laini hiyo. Michango ya kwanza ilipoingia, deni likajilipa lenyewe: shilingi 3,200 zikayeyuka kabla hata hajafungua meseji. Akaona aibu, akanyamaza wiki nzima akitafuta pesa za kurudisha. Kwenye kundi watu wakaanza kuulizana, wengine wakatukanana, wanane wakajitoa. Mzee mmoja wa kijiji akanipigia simu: "Mwanangu, hizo pesa mlisema ni ngapi?" Sikuwa na jibu.

Tangi lilichelewa wiki mbili. Wiki hizo mbili watoto walibeba maji kutoka nyumbani kwa mitungi ya lita 5, mahali ambapo maji yenyewe ni ya kutafutwa.

Hakuna aliyeiba. Pesa za kijiji zilichanganyika na pesa za mtu, basi. Na mara nyingi ndivyo michango inavyoharibika.

Mambo 5 ya kufanya

1. Pesa za wengi zisikae kwenye laini ya mtu mmoja. Njia bora ni nambari ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kundi, yenye watia sahihi watatu. Kama ni mchango wa shule, uliza kama shule ina akaunti yake ya kupokea malipo kwa simu, na udai risiti. Kama hamna budi kutumia laini ya mtu, iwe laini mpya isiyo na mkopo wowote, na isitumike kwa kitu kingine. PIN inabaki siri ya mwenye laini, lakini taarifa ya miamala ni ya kila mtu.

2. Uliza kabla ya kuchanga. Mpigie mwalimu mkuu na mwakilishi wa wazazi, wakupe orodha ya mahitaji na bei za dukani kwao. Wakati wa korona kuna shule zilizopelekewa barakoa nyingi na hazina maji ya kunawa. Aliye mjini hukisia tu. Aliye pale ndiye anayejua.

3. Soma jina kabla ya kukamilisha muamala. Matapeli hupenda nyakati za shida. Hunakili tangazo la mchango wa kweli, wakabadilisha nambari tu. Jina linalotokea kwenye simu lisipolingana na lile mliloafikiana, acha hapo hapo. Mtu akikupigia akisema "nimekutumia kimakosa, nirudishie," angalia salio lako kwanza, usiamini meseji pekee. Na ukikosea nambari wewe mwenyewe, wasiliana na huduma kwa wateja upesi uombe urejeshewe.

4. Mlipe muuzaji moja kwa moja. Kila mnapotoa pesa taslimu kwa wakala mnalipa ada, na pesa taslimu hazina kumbukumbu. Kama duka la vifaa lina nambari ya Till, lipieni tangi, sabuni au unga hapo. Kwa kawaida mnunuzi hatozwi ada, na meseji inayorudi ina tarehe, kiasi na jina la duka. Hiyo ndiyo hesabu yenu.

5. Onyesha pesa, usionyeshe maskini. Kila Jumapili jioni, tuma kwenye kundi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Wasio na simu janja wasomewe kwenye baraza au kanisani, au karatasi ibandikwe dukani. Lakini picha ya mama akipokea unga, au orodha ya familia zilizosaidiwa, haina kazi kwenye WhatsApp. Ukisaidiwa leo, hungependa mtoto wako achekwe kesho shuleni.

Tulivyomalizia

Mweka hazina wetu alikuja kueleza ukweli, akalipa kidogo kidogo, na tukamsamehe. Tukafungua akaunti ya kundi benki, watia sahihi watatu, mmoja wao yule mzee aliyenipigia. Shule zote zilipofunguliwa Januari 4, 2021, tukachanga tena, safari hii barakoa na sabuni. Sita kati ya wale wanane walirudi. Walichotaka tangu mwanzo ni kuona hesabu tu.

Korona ilipita, lakini ukame na mafuriko bado huja, na harambee haziishi. Usingoje siku ya shida ndipo mtafute nani ashike pesa. Kama una kundi la nyumbani, liulize leo maswali matatu: pesa zetu zinaingia wapi, nani anaziona, na tukimwuliza mweka hazina salio sasa hivi, atajibu kwa dakika ngapi?

Jibu likichelewa, anza na namba 1.