Dondoo muhimu: Ukipewa notisi ya kuhama dukani

Nchini Kenya, Sheria Sura ya 301 humlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5.

• Notisi ya mdomo haitoshi. Iwe ya maandishi, kwa fomu rasmi, yenye sababu, na ya miezi 2 au zaidi.

• Usikae kimya. Jibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha peleka pingamizi kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla muda wa notisi haujaisha.

• Endelea kulipa kodi na utunze risiti. Malimbikizo ya miezi 2 ni sababu halali ya kukuondoa.

• Mwenye jengo, usimfungie mpangaji mlango kwa kufuli. Fuata sheria.