Mtoto Akikosea Darasani: Maswali ya Wazazi wa Kalemie na Majibu Yake

Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ya Kongo ilianza kutolewa bure, kama inavyoagiza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, na madarasa yakafurika. Hapa Kalemie kuna pia watoto wa familia zilizokimbia mapigano ya tangu 2016 upande wa Nyunzu na kwingineko jimboni Tanganyika. Kwa hiyo anayesoma hadithi bila kukwama anaweza kukaa dawati moja na mwenzake anayehangaika na silabi, na wote wawili wananakili somo lile lile ubaoni. Haya ni baadhi ya maswali ambayo hali hiyo inazua.

Mwanangu anakosa hesabu kila siku. Je, hana akili?

Angalia kosa lenyewe kwanza. Mama alikuwa na mafungu 52 ya ndagala, ameuza 17, yamebaki mangapi? Mtoto anaandika 45. Jibu ni 35, lakini 45 ina njia yake: alitoa 2 kwenye 7 akapata 5, akatoa 1 kwenye 5 akapata 4. Kutoa anajua. Asichojua ni kukopa kumi pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini. Mwenzake akiandika 69, huyo amejumlisha, hajaelewa swali. Wa kwanza apewe vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja aone. Wa pili asomewe swali polepole, alieleze kwa maneno yake. Wote wawili wamepata sifuri, ila dawa zao hazifanani. Ndiyo maana "Umefikaje hapa?" ni swali lenye faida kuliko "Mbona umekosa?"

Basi nimwache ajaribu mwenyewe mpaka apate?

Kujaribu peke yake hakutoshi. Mtafiti Manu Kapur, katika shule za Singapore, aliwapa wanafunzi maswali magumu ya hesabu wahangaike nayo kabla ya kufundishwa. Baadaye walionyesha kuielewa mada kwa undani kuliko waliofundishwa kwanza. Lakini baada ya mahangaiko yale mwalimu aliingia, akalinganisha majibu yao na jibu sahihi, akaeleza. Mtoto anayerudia kosa bila mtu wa kumrekebisha hulizoea kosa lenyewe. Na anayechapwa kila akikosa hujifunza kunyamaza au kunakili kwa jirani, na mwalimu hapati tena kujua alipokwama.

Darasa limejaa. Mwalimu atamfuataje kila mtoto?

Si lazima kila mtoto awe na somo lake. Shirika la Pratham la India lilianzisha njia ambayo sasa inatumika pia katika nchi kadhaa za Afrika: kila mtoto anapimwa peke yake kwa dakika chache, aonekane kama anasoma herufi, neno, aya au hadithi. Kisha watoto wanapangwa kwa kiwango, si kwa umri, kwa muda fulani wa siku, halafu wanapimwa tena na kuhamishwa. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, tathmini ya Uwezo imewahi kuwapima watoto kwa namna hiyo majumbani kwao. Kwa kipimo hicho karatasi moja inatosha. Mtoto anaweza kusoma "baba" na "samaki" vizuri, akafika kwenye "mtumbwi" akasema "mtubi". Hapo mwalimu ameshajua somo la kesho: silabi zenye mb na mbw.

Akiwekwa kundi la chini, si atadharauliwa?

Hofu hiyo ina msingi, lakini sikiliza yaliyotokea magharibi mwa Kenya. Mwaka 2005, shule 121 zilipata mwalimu wa ziada, na darasa la kwanza likagawanywa mikondo miwili. Karibu nusu ya shule ziligawa watoto kwa kiwango chao. Zilizobaki ziligawa kwa bahati nasibu. Katika shule zilizogawa kwa kiwango, watoto walifaulu zaidi, wa mkondo wa juu na wa chini pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale wanafunzi wake walipo. Kundi lina madhara linapokuwa kifungo. Liwe la somo moja, la muda, na lisipewe jina la kuchekesha.

Nasikia kuna watoto wa kusikia na watoto wa kuona. Wangu ni yupi?

Usijisumbue. Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani walipitia tafiti za dai hilo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Kinachowatofautisha watoto zaidi ni wanachokijua tayari.

Afundishwe kwa Kiswahili au Kifaransa?

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia katika miaka ya mwanzo, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Ila mtoto aliyekulia kwenye Kiluba au Kitabwa anaweza kuonekana hajui hesabu kumbe hajaelewa neno. Kabla ya kumhukumu, muulize kwa lugha ya nyumbani.

Ana miaka 12 na hajawahi kusoma. Amechelewa?

Hapana, wala asiketi na watoto wa miaka sita. Viko vituo vya masomo ya kufidia kwa walioikosa shule au kuiacha, kwa kawaida kuanzia miaka 9 hadi 14. Miaka sita ya msingi inasomwa kwa mitatu, na mwishoni mtoto anafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi kama wenzake. Uliza ofisi ya Mambo ya Kijamii au direkta wa shule iliyo karibu.

Mimi mwenyewe sijui kusoma. Nitamsaidiaje?

Mwambie akusomee kwa sauti na usikilize anapokwama. Mwambie akufundishe hesabu ya leo. Akishindwa kukueleza, bado haijamwingia. Akiuza nawe sokoni, mwache ahesabu chenji kwanza, kisha mhakiki pamoja. Na ukienda shuleni kuchukua buletini, usiishie kuuliza amekuwa wa ngapi. Asilimia na nafasi hazisemi kama tatizo ni kukopa kumi au ni silabi za "mtumbwi". Mwombe mwalimu akuonyeshe daftari, na umuulize: anaweza nini sasa, amekwama wapi, na juma hili tufanye naye nini nyumbani?